Mkono wa Kushoto wa Kanali

Mlioniandikia barua wiki nzima mkiuliza kama Bi Hester Cawthorne alizimia, jibu ni hapana. Aliinama, akaliokota gazeti alilotupiwa miguuni, akalikunja mara mbili, akaliweka kando ya taipureta yake. Sisi tuliosimama pale tuliona aibu kwa niaba yake, kisha tukaendelea kutazama.

Saa ilikuwa inakaribia kumi alasiri, siku ya Alhamisi, Novemba ya mwaka 1951, na studio yetu nje kidogo ya London ilikuwa baridi kiasi cha kuona pumzi. Mimi nilikuwa nashika kebo ya taa kubwa. Mshika kebo haulizwi chochote na husikia kila kitu.

Mwenye kulitupa gazeti lile ni Horace Grindrod, mtayarishaji wetu. Kabla ya filamu alikuwa akiuza sufu kule Bradford, na mpaka leo akizungumza na mtu humshika mkono wa koti apime kitambaa.

"Lisome!" alifoka. "Ukurasa wa kwanza! Filamu yangu nzima inategemea siri moja, nani kamtilia sumu yule bibi kwenye chai. Siku ya kupiga picha ile nilifunga milango. Walibaki watu watano, nikawaapisha. Na leo dereva wa teksi ananiambia, 'Pole, bosi, kumbe ni Kanali Maltby!'"

"Nimeliona, bwana," Bi Hester alisema.

"Umeliona? Umeliandika! 'Matone matatu.' 'Sekunde kumi na nane.' Nani hapa duniani anaandika namna hiyo zaidi yako?"

Hapo alikuwa na haki. Filamu hupigwa vipandevipande, leo mlango unafunguliwa na wiki ijayo ndipo aliyeufungua anaingia, na kazi ya Bi Hester ilikuwa kukaa kando ya kamera na kuandika yote: sigara imebaki urefu gani, kifungo kipi kimefungwa, kikombe kimeshikwa kwa mkono upi. Miaka kumi na tisa ya kazi, na hakuwahi kukosea hata kifungo. Wenzake walijivunia watoto, yeye alijivunia hilo.

"Horace, tusiwe wakali," ilisema sauti laini nyuma yao. "Bi Hester ni mtu wa familia yetu."

Huyo alikuwa Aubrey Pellowe, mwongozaji wa filamu, mwenye skafu ya hariri na mikono mizuri kuliko ya mwanamke yeyote pale studio. Alikuwa amevaa uso wa mfiwa na akiizungusha pete kidoleni, pete ya kuazima iliyokataa kutoka tangu Jumatatu. Kwetu ukiitwa mtu wa familia mbele ya bosi, kakusanye vitu vyako.

"Familia imekwisha," Grindrod alisema. "Anaondoka leo, na nitazipigia simu studio zote za Uingereza. Hata tangazo la sabuni hataandikia."

"Naomba niisome kwanza habari yenyewe," Bi Hester alisema. "Kwa ruhusa yako, bwana."

Alivaa miwani akaanza kusoma kwa sauti, kama anayesoma orodha ya dobi. "'Kanali Maltby anatabasamu. Anachukua kichupa kwa mkono wa kushoto...'"

Akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Akausoma mstari ule tena, kimoyomoyo. Rangi ikamtoka usoni.

"Kushoto?" alisema.

"Kushoto, kulia, kwa meno! Kuna tofauti gani?" Grindrod aliuliza.

Tofauti ilikuwepo, na mimi nilimwona akiihesabu. Karatasi zake alizichapa nakala nne kwa kaboni: moja chumba cha kukatia mkanda, moja ya mpiga picha, moja ya kasha lake, moja ya mwongozaji. Ijumaa iliyopita, Sir Desmond, mwigizaji wa Kanali, alipopigwa picha akichukua kichupa, Bi Hester aliandika kushoto. Dakika kumi baadaye aliambiwa ilikuwa kulia, akasahihisha kwa penseli. Lakini nakala tatu tu. Ya nne ilikuwa imeshaondoka ikiwa mfukoni mwa mtu.

Kwa hiyo sasa alimjua mwizi. Ila ili amtaje, ilibidi aseme mbele ya watu arobaini kwamba Hester Cawthorne alikosea mkono. Ama aitwe mwizi, ama aitwe mzembe, na kwa Bi Hester mwizi alikuwa na nafuu.

Alifungua mdomo.

Prrrii! Filimbi ikalia.

"Saa kumi kamili!" alipaza sauti Sid Tuffnell, msimamizi wa vifaa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. "Chai, ndugu zangu! Dakika kumi, kwa mujibu wa makubaliano."

"Sid, namfukuza mtu hapa!" Grindrod alisema.

"Utamfukuza saa kumi na dakika kumi, bosi. Hata yeye ana haki ya chai yake."

Na toroli likaingia likilia magurudumu, na watu arobaini waliokuwa wakishuhudia maangamizi ya mwanamke wakageuka kwa adabu wakapanga foleni. Grindrod mwenyewe alisimama wa sita. Bosi wa kuruka foleni ya chai hajazaliwa upande wetu.

Mimi nilibaki nyuma ya kipande cha ukuta wa mbao, taa yangu ikiwa bado ya moto. Siku hiyo nilikosa chai kwa ajili yenu, mkumbuke.

Pellowe alikuja na vikombe viwili. Kimoja akampa Bi Hester.

"Umejua," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimejua, bwana."

"Filamu ilikuwa inakufa, Hester. Hakuna aliyekuwa akiizungumza. Jamaa wa gazeti alininunulia chakula cha mchana, samaki mzuri tu, nikampa ile karatasi. Sikuisoma hata."

"Hujawahi kusoma karatasi yangu hata moja."

"Usinigombeze, nina presha. Sikiliza. Leo kubali. Sema uliisahau kwenye treni, binadamu husahau. Horace atapoa. Baada ya Pasaka naanza filamu nyingine na nitakuchukua. Jina lako litatokea kwenye pazia la sinema. Herufi kubwa."

Bi Hester alikitazama kikombe chake. Miaka kumi na tisa, filamu thelathini na moja, na jina lake halikuwahi kuonekana na mtu yeyote nje ya ofisi ya mishahara.

"Na nikisema kweli?"

"Sema." Alikunywa kidogo, kidole cha mwisho juu. "Lakini watakuuliza umejuaje, mama. Utawaambia hujui kulia na kushoto. Halafu nani atakuajiri?"

Nilitamani kumdondoshea taa. Ilikuwa na uzito wa kutosha.

Prrrii! Dakika kumi zilikwisha. Vikombe vikarudi kwenye toroli, na kila mtu akarudi pale pale alipokuwa amesimama, mpaka wenye huruma nyusoni wakairudisha.

"Haya," Grindrod alisema. "Tulikuwa kwenye kufukuza."

"Kosa ni langu," Bi Hester alisema.

Pellowe akafumba macho kwa raha.

"Ijumaa, picha ya mbali, Kanali akichukua kichupa," aliendelea, na sauti yake ilikuwa kavu. "Niliandika mkono wa kushoto. Ulikuwa wa kulia. Nilikosea."

Mtu nyuma yangu alivuta pumzi. Sid alivua kofia, kama msiba umepita. Pellowe akafumbua macho.

"Bwana Pellowe ndiye aliyeniambia ni kulia, nami nikasahihisha kwa penseli. Hizi hapa. Hii ya kasha langu, kulia. Ya mpiga picha, kulia. Ya chumba cha kukatia mkanda nayo ni kulia, nilikwenda mwenyewe kuisahihisha. Moja ilikuwa imeshachukuliwa kabla ya penseli. Hiyo ndiyo pekee inayosema kushoto, na gazeti limesema kushoto."

"Ilichukuliwa na nani?" Grindrod aliuliza taratibu.

"Na mwongozaji, bwana."

Grindrod akageuka. Akamwendea Pellowe, akamshika mkono wa koti, akakisugua kitambaa kati ya vidole viwili kwa muda mrefu.

"Aubrey?"

"Ilikuwa matangazo, Horace! Nilifanya kwa ajili yako!"

Tulisubiri kofi. Mimi niliweka kebo chini ili nione vizuri.

"Gazeti lile linasomwa na watu wangapi?" Grindrod aliuliza.

"Milioni mbili," Pellowe alinong'ona.

"Milioni mbili." Grindrod alianza kutikisika mabega, na ilituchukua muda kuelewa kwamba anacheka. "Bure! Kwa samaki mmoja! Aubrey, mbwa we!" Akampiga mgongoni hadi skafu ikahama. Kisha kicheko kikakatika, akamgeukia Bi Hester. "Lakini wewe. Mkono? Umekosea mkono kwenye filamu yangu?"

"Nimekosea, bwana."

"Msaliti nitamvumilia, ana faida yake. Mtu wa kumbukumbu asiyekumbuka ana faida gani? Kusanya vitu vyako."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipojua kwamba haki ikiingia studio huketi viti vya nyuma. Bi Hester alisimama. Aliifunika taipureta kwa kitambaa chake, akavifunga vifungo vya kitambaa kimoja kimoja, akaanza kuzipanga penseli ndani ya kijaluba. Roho iliniuma sana, na sikusema neno. Hakuna aliyesema.

Mlango wa chuma ukafunguliwa kwa kishindo.

Aliingia Lusk, mhariri, mtu ambaye hatoki chumba chake cha kukatia mkanda isipokuwa moto umewaka. Vipande vya mkanda vilimning'inia shingoni. Alikuwa anatetemeka kwa hasira.

"Nani?" alipiga kelele. "Nani kaandika kulia?"

"Mimi," Bi Hester alisema. "Nilisahihisha."

"Ulisahihisha nini? Watu wa maabara ya kusafisha mkanda wote wana mafua, picha ya mbali ya Ijumaa imerudi leo tu. Nimeitazama mara tano. Sir Desmond anachukua kichupa kwa mkono wa kushoto! Kushoto, mama! Halafu Jumatatu mkapiga picha ya karibu ya matone, na huo mkono ni wa kulia! Kanali wangu anachukua sumu kwa mkono huu na kuimimina kwa mkono ule, na kati yao hakuna hata sekunde!"

Bi Hester alikaa chini polepole.

"Sikukosea," alisema.

Alisema hivyo mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, na machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile huku akiwa amefukuzwa kazi.

"Lakini kwenye mazoezi alitumia kulia," Pellowe alisema. "Mimi mwenyewe nilimwona."

"Kwenye mazoezi, ndiyo," alisema Bi Hester. "Kamera ilipoanza alibadilisha, ili upande wake mzuri wa uso uonekane. Nyote mlikuwa mnautazama uso. Mimi nilikuwa natazama mkono."

"Sasa kama uliona kushoto, na ukaandika kushoto," Grindrod aliuliza, "kwa nini ukabadilisha?"

Bi Hester alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina malezi.

"Bwana Pellowe alipita mezani kwangu akasema, 'Nadhani ilikuwa kulia.' Isingekuwa adabu kubishana naye."

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu angefanya vilevile. Sisi watu wa kisiwa hiki tutaiacha meli ipande mwamba kuliko kumwambia nahodha kwamba ramani kaishika kichwa chini.

Grindrod alikaa juu ya kasha la taa. "Basi turudie. Mleteni Sir Desmond."

"Sir Desmond aliondoka Jumamosi," alisema Sid. "Yuko melini, anakwenda New York."

"Sebule ya Kanali?"

"Tumeibomoa jana, bosi. Umebaki ukuta huu mmoja." Alikipiga konzi kipande nilichojificha nyuma yake. Nikakohoa.

"Na sinema zinaitaka Januari," Grindrod alisema. "Muuaji ana mikono miwili isiyojuana, na watu milioni mbili wameshaambiwa ni nani. Nimekwisha."

Kitumbua kilikuwa kimeingia mchanga, na wote, mmoja mmoja, bila kukubaliana, tukageuza macho kwa mwanamke aliyekuwa akifunga kijaluba cha penseli.

"Bi Hester," alisema Grindrod. "Mama. Kaa kidogo."

"Nimekaa, bwana."

"Una neno lolote?"

Alipangusa miwani, akaivaa. "Ni jambo la kawaida tu. Ikiwa mikono ni miwili, basi watu ni wawili."

"Watu gani?"

"Kanali anachukua kichupa. Kila mtu amemwona. Anayemimina ni mwingine. Watu milioni mbili wataingia sinema wakijua muuaji ni Kanali. Watakaa kwa raha, watawacheka wasiojua. Na dakika ya mwisho watagundua kwamba wao ndio hawakujua."

Lusk aliacha kutetemeka. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukata mkanda hewani. "Inaungana," alisema. "Ee Mungu, inaungana. Lakini pete? Huo mkono wa karibu una pete ya Kanali!"

"Kwenye picha ya mbali pete haionekani. Imefunikwa na ukingo wa mkono wa shati, hakuna atakayejua ni ya Kanali. Nimeandika."

Grindrod alikuwa amesimama bila kujua. "Na huyo wa pili ni nani? Nitampata wapi mwigizaji saa hizi?"

"Tayari yumo ndani ya filamu, bwana. Mkono wake umo. Jumatatu Sir Desmond hakuwepo, na tulihitaji mkono wa kudondosha matone. Mtu mmoja alijitolea. Alisema Uingereza nzima haina mkono mzuri kama wake."

Tukageuka sote. Aubrey Pellowe alikuwa amekishika kikombe chake cha chai iliyopoa, kidole cha mwisho juu, na kwenye kidole cha pili, ikimeta chini ya taa yangu, pete ya Kanali iliyokataa kutoka.

"Hapana," alisema.

"Aubrey," alisema Grindrod kwa upendo mkubwa.

"Mimi si mwigizaji! Nilijaribu zamani, Horace, unajua. Nikitazamwa na kamera nasahau hata jina langu!"

"Wauaji wengi wana wasiwasi," alisema Lusk.

"Nina masharti mawili," alisema Bi Hester. Aliifungua vifungo taipureta yake, kimoja kimoja. "Jina langu liwe kwenye pazia, kwa vile Bwana Pellowe ameshalitaja leo wakati wa chai. Na kuanzia sasa mwongozaji awe anasoma karatasi zangu. Kwa sauti, mbele ya wote, kabla hatujaanza."

"Umepata," alisema Grindrod. "Yote. Andika!"

Akapanga karatasi nne na kaboni tatu, akaandika. Tulisikiliza mashine ikigonga kama watu wanaosikiliza hukumu. Wakaguzi wa filamu wa wakati ule hawakukubali muuaji abaki hai, kwa hiyo tulijua wa pili lazima afe, na tulijua pia kwa kikombe gani. Alipomaliza alichomoa nakala ya nne, akampelekea Pellowe mwenyewe mkononi.

"Kesho saa tatu asubuhi," alisema. "Mbele ya ukuta uliobaki. Uso mzima kwenye kamera. Tafadhali soma, bwana."

Skafu ya Pellowe ilikuwa imelowa shingoni. Aliisogeza karatasi karibu na macho. Nadhani ndiyo ilikuwa ya kwanza kuisoma katika maisha yake.

"'Muuaji wa pili anatambua kwamba amegunduliwa,'" alisoma. "'Anawatazama wote. Hakuna anayemtetea. Anakiinua kikombe alichokitilia sumu, kwa mkono wa...'" Akasita. Akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Pameachwa wazi hapa. Mkono upi?"

Bi Hester alishika penseli.

"Wewe unadhani ni upi, bwana?"

Pellowe aliutazama mkono wa kulia, akautazama wa kushoto. Akamtazama Grindrod, aliyekuwa anatabasamu, na Sid, aliyekuwa hatabasamu. Kisha akaiweka karatasi chini ya kikombe, akasema ameacha taa za gari lake zinawaka, akaanza kutembea kuelekea mlango wa chuma, kwanza polepole, halafu mbio, pete ya Kanali ikiwa bado kidoleni.